Haki ya Kusikilizwa Ianzie Kwenye Grupu Letu

(Hii ni mada niliyoitoa kwenye semina ya ndani ya vijana wa chama. Wengi ambao hamkuweza kufika mmeomba maandishi yake. Nimeyaacha karibu kama nilivyozungumza, nimepunguza marudio tu.)



Ratiba inasema nizungumzie "Mawasiliano Bora kwa Kada Kijana". Nilipopewa mada hii niliguna kidogo. Nilisema moyoni, wenzangu wamepewa Tume Huru ya Uchaguzi, wamepewa Katiba Mpya, mimi napewa mambo ya kuongea vizuri na watu. Nikaona kama nimepewa kwa sababu ni mtoto wa kike. Halafu nikakumbuka jambo nililolifanya mwaka jana, nikanyamaza. Nikasema sawa, hii mada ni yangu kweli.

Naomba nianze na jambo hilo, kwa sababu haitakuwa haki niwafundishe kusikiliza huku nimeficha la kwangu.

Mimi ni admini wa grupu la WhatsApp la vijana wa kata yetu. Usiku mmoja, kama saa nne hivi, mwenzetu mmoja aliandika hivi: "Jamani, michango ya pango la ofisi imefikia wapi? Mwenye nyumba ananipigia mimi kila siku." Basi. Maneno hayo tu, hakuna tusi, hakuna jina la mtu.

Hazikupita dakika tano. Wa kwanza akaandika, "Umetumwa." Wa pili, "Hawa ndio chawa tunaowasema." Wa tatu akaweka stika ya mtu anakimbia na bahasha. Watu wakacheka. Yeye akaandika tena, "Nauliza tu ndugu zangu." Mimi, admini, mwanafunzi wa sheria, nikaandika kwa kujiamini kabisa: "Masuala ya fedha yana vikao vyake. Unakotumwa tunakujua." Nikamtoa kwenye grupu. Zikaja dole gumba kama kumi na tano za kunipongeza. Nikalala usingizi mzuri tu.

Wiki mbili baadaye ofisi ilifungwa kufuli. Viti vyetu, bendera, daftari la wanachama, vyote vikawa nje kwenye vumbi, watoto wa shule wanapita wanaangalia.

Sasa sikilizeni sehemu inayouma. Hela haikuwa imeibwa. Mwenzetu mmoja aliugua ghafla, michango ile ikatumika kumkimbiza hospitali, na aliyeitoa hakuandika popote. Yaani lile swali lingejibiwa kwa dakika tano. Tungejua pengo ni shilingi ngapi, tungechangishana, tungemwomba mwenye nyumba muda. Na yule niliyemwita ametumwa ndiye aliyesaini mkataba wa pango kama shahidi wetu. Ndiyo maana alikuwa anapigiwa yeye. Na ndiye aliyekaa kituoni kama wakala wetu siku ya uchaguzi mpaka alfajiri, bila chakula, wakati baadhi ya waliomcheka walikuwa nyumbani wanasubiri matokeo kwenye simu.

Hakuna mwizi katika kisa hiki. Hakuna pandikizi. Kuna watu ambao hawakumsikiliza mwenzao, na ofisi ikaondoka.

Kitu kilichonikosesha usingizi safari hii ni kwamba siku chache kabla ya usiku ule nilikuwa nimetoka kwenye mtihani wa sheria ya utawala, na swali nililojibu vizuri kuliko yote lilikuwa la haki ya asili. Ngoja niwaeleze kwa ufupi, kwa sababu linatuhusu wote, siyo wanasheria tu.

Haki ya asili ina nguzo mbili kubwa. Ya kwanza, usimhukumu mtu kabla hujamsikiliza. Ya pili, usiwe hakimu kwenye kesi yako mwenyewe. Katiba yetu ya mwaka 1977 imeiweka ile ya kwanza kwenye ibara ya 13(6)(a): pale haki na wajibu wa mtu vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na ana haki ya kukata rufaa. Zingatieni neno "kwa ukamilifu". Mtu hajasikilizwa kwa ukamilifu kama ameandika mistari miwili akarushiwa stika.

Wanafunzi wa sheria wote tunasoma kesi moja ya Uingereza, Ridge dhidi ya Baldwin. Ridge alikuwa mkuu wa polisi wa mji wa Brighton. Alishtakiwa mahakamani, akaachiwa, lakini jaji akamsema vibaya. Kamati iliyokuwa na mamlaka juu yake ikakaa mwaka 1958, ikamfukuza kazi bila kumwita ajieleze. Yumkini waliona mambo yako wazi, kuna haja gani ya kumsikiliza? Kesi ikafika mpaka Baraza la Mabwana, na mwaka 1963 likaamua kwamba kufukuzwa kule ni batili. Somo lake ni hili: hata ukiwa na uhakika kwamba mtu ana makosa, msikilize kwanza. Uhakika wako siyo kibali cha kuruka hatua hiyo.

Sasa mimi usiku ule nilikuwa nani? Nilikuwa mlalamikaji, mwendesha mashtaka, hakimu, na askari magereza. Vyeo vinne kwa kidole kimoja.

Na sisi hawa hawa ndio tunaosimama majukwaani tukilia kwamba serikali haitusikilizi! Tunasema mikutano inakataliwa, tunakamatwa kabla ya kuulizwa, wabunge wetu wanatolewa nje bila kujieleza. Ni kweli, na tuendelee kusema. Lakini mwananchi anatuangalia. Anajiuliza, hawa wakipewa jeshi la polisi, watalitumia tofauti na wanavyotumia uadmini wa WhatsApp? Swali la haki kabisa hilo.

Nimejaribu kutafuta tumefikaje hapa. Sababu ni nyingi, lakini moja naiona sana kwenye rika letu. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa mwaka 2016, ikaruhusiwa tena Januari 2023. Hesabuni miaka hiyo. Wengi wetu tuliomo humu tulikuwa sekondari au hata darasa la sita zuio lilipoanza. Tumekua kisiasa tukiwa na simu mkononi, hatukukua kwenye uwanja wa mkutano. Wakubwa wetu walijifunza siasa wakiwa wamesimama mbele ya mama anayeuza maandazi, anawaangalia usoni, wanaona amekunja uso au ametabasamu. Sisi tumejifunza siasa kwenye kioo, ambako anayeshinda ni mwenye neno kali zaidi, na aliyeumia humuoni. Sisemi hili kama kisingizio. Nasema tujue tulilolikosa ili tujifunze sasa.

Basi kusikiliza ni nini? Nisiwape tafsiri ya kamusi, niwape nilichokiona mahakamani.

Chuo hutupeleka mahakamani kuangalia kesi. Katika mahakama nilizokaa, hakimu huandika ushahidi kwa mkono. Shahidi akiongea haraka, anaambiwa, "Subiri." Ukumbi mzima unanyamaza, mnasikia kalamu tu. Akimaliza anainua kichwa, "Endelea." Mara nyingine anamrudia shahidi: "Umesema ulimuona saa moja usiku akiwa na taa, ndivyo?" Shahidi anasema, "Hapana mheshimiwa, taa ilikuwa ya kwangu." Hakimu anafuta, anaandika upya. Mwanzoni nilikuwa naboreka, naangalia saa. Baadaye nikaelewa kwamba pale ndipo haki inapofanyika. Mtu mwenye mamlaka makubwa kuliko wote chumbani anasimamisha kila kitu ili ahakikishe ameandika alichosema mkulima, na siyo alichodhani mkulima amesema.

Na mawakili nao. Wakili asiye na uzoefu huja na maswali yake ya dodoso yameandikwa kwenye karatasi, moja hadi ishirini. Anauliza la tatu, shahidi anatoa jibu linaloweza kumaliza kesi pale pale, lakini wakili hajasikia, macho yako kwenye swali la nne. Mzoefu anaweka karatasi chini, anasikiliza jibu, na swali lake linalofuata linatoka kwenye lile jibu.

Wengi wetu tunaongea na wananchi kama yule wakili wa karatasi. Mimi mwenyewe nimefanya. Tulikuwa kampeni ya nyumba kwa nyumba, tukafika kwa mama mmoja anayeuza mboga sokoni. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akanipa kigoda. Nikaanza: Katiba Mpya, Tume Huru, utawala bora, dakika kumi bila kupumua. Nilipomaliza akaniuliza, "Mwanangu, na choo cha soko?" Nikamwambia, "Ndiyo mama, yote hayo yanatokana na Katiba mbovu." Nikarudi kwenye karatasi yangu. Akanyamaza, akaendelea kufunga mafungu ya mchicha. Niliondoka nikijiona nimefanya kazi nzuri.

Yule mama hakuwa ananikatisha, alikuwa ananipa kesi yake. Kama ningeuliza, "Choo kimefanyaje mama?", yumkini ningeambiwa kwamba analipa ushuru kila siku ya Mungu, anapewa risiti, na choo kimefungwa, na akibanwa anakwenda kuomba msikitini au kwa jirani. Nasema yumkini kwa sababu hata leo sijui, sikumuuliza! Nami ningemwambia: mama, ushuru huo ni mapato ya halmashauri, diwani wako anakaa kwenye baraza linalopanga matumizi yake, una haki ya kumuuliza kwenye mkutano. Hapo ndipo Katiba ingeingia, kupitia mlango wa choo. Maana ukimwambia mtu kwamba madaraka yanatoka kwa wananchi, ibara ya 8, anasema sawa. Ukimwonyesha kwamba choo chake ndiyo ibara ya 8, ataibeba mwenyewe.

Kuna mfano mkubwa zaidi wa kusikiliza kwenye historia yetu, na vyama vyote vya upinzani vimezaliwa humo. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuuliza Watanzania kama wanataka kuendelea na chama kimoja au waingie vyama vingi. Tume ikazunguka nchi nzima, Bara na Visiwani. Majibu yalipohesabiwa, takriban asilimia 80 walitaka chama kimoja, na takriban asilimia 20 tu ndio waliotaka vyama vingi.

Sasa kwa akili ya grupu letu, mjadala umekwisha hapo. Wengi wamesema, wachache wanyamaze. Lakini tume ilifanya kazi ya kusikiliza. Iliona kwamba hata miongoni mwa wale waliosema chama kimoja kiendelee, kulikuwa na wengi waliotaka mambo yabadilike ndani yake. Jibu lilikuwa "ndiyo", lakini ndani ya ile "ndiyo" kulikuwa na malalamiko. Na iliona kwamba mtu mmoja kati ya watano siyo kelele za kupuuzwa. Ikapendekeza vyama vingi, ikaorodhesha na sheria 40 kandamizi zinazotakiwa kufutwa au kurekebishwa. Mwaka 1992 Katiba ikabadilishwa, na tangu Julai mwaka ule vyama vingi vikawa halali.

Sisemi kila kitu kilikwenda sawa. Sheria kadhaa kwenye orodha ile zilibaki miaka mingi baadaye. Lakini fikirini: sisi tulioko humu ndani, na kadi zetu mfukoni, ni matunda ya watu waliowasikiliza wachache. Halafu sisi hao hao, mwenzetu mmoja akiwa na wazo tofauti ndani ya kikao, tunamzomea. Tunakata tawi tulilokalia.

Na tunajua pia inakuwaje watu wakiacha kusikilizana. Tume ya Mabadiliko ya Katiba, ya Jaji Joseph Warioba, ilikusanya maoni ya wananchi, ikatoa rasimu ya kwanza Juni 2013 na ya pili Desemba mwaka huo. Bunge Maalum likakaa Dodoma mwaka 2014. Badala ya kujadili rasimu, siku nyingi zikaishia kwenye mipasho na kejeli. Aprili, wajumbe wa UKAWA wakatoka nje. Waliobaki wakaendelea peke yao, wakapitisha Katiba Inayopendekezwa mwezi Oktoba. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, na hadi leo haijapigwa. Novemba 2014 mdahalo mmoja Dar es Salaam uliokuwa na Jaji Warioba mwenyewe ulivunjika kwa vurugu, mzee wa watu akiwa jukwaani anazungumza.

Mimi naamini UKAWA walikuwa na sababu ya kutoka. Maoni ya wananchi yalikuwa yanawekwa pembeni, na kutoka nako ni kusema. Lakini najifunza kitu kimoja. Unaweza kuwa na rasimu nzuri, maoni ya maelfu ya watu, mabaraza ya katiba kila wilaya, na yote yakakwama kwa sababu ukumbi mmoja umeshindwa kusikilizana.

Sasa najua kuna mtu hapa anasema moyoni, "Huyu dada anatufundisha upole. Wenzetu wanaumizwa, yeye anatwambia tuongee kwa heshima." Hoja hiyo naiheshimu na nataka niijibu.

Neno heshima limetumika vibaya sana katika nchi hii. Tangu utoto unaambiwa kijana mwenye heshima haulizi. Ukimuuliza mwenyekiti wa mtaa mapato na matumizi, "huna heshima". Hata methali zetu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa, lakini mkuu asiyesikia la mdogo anavunjika nini? Anavunjika nchi nzima. Kwa hiyo nielewekeni: heshima ninayoisema siyo woga, na siyo kuinama. Kuuliza swali gumu ni heshima. Kumwambia kiongozi "umesema uongo, na ushahidi huu hapa" ni heshima, kwa sababu unamchukulia kama mtu mzima anayeweza kujibu.

Kinachovunja heshima ni kuacha hoja ukamfuata mtu. Chukueni mfano. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu anampa Rais ripoti mwishoni mwa Machi, na mwezi Aprili inafika bungeni. Ripoti ikitoka, kuna kijana atapost, "Wezi wakubwa hawa, mbwa." Anapata likes, kesho imesahaulika. Mwingine anafungua ukurasa, anatafuta halmashauri yake, anaandika: "Mkaguzi amekuta malipo haya hayana stakabadhi. Mkurugenzi, zilikwenda wapi?" Niambieni, mkurugenzi akiamka asubuhi, anaogopa posti ipi? Tusi linampa mahali pa kujificha, anasema "nimetukanwa", na huruma inahamia kwake. Na kwa sheria tulizonazo, ikiwemo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, unaweza kumpa na kesi ya kukufungulia. Swali lenye ukurasa halimpi pa kujificha.

Kusikiliza nako siyo kukubali. Ninaposikiliza kada wa chama tawala sijahama chama. Nina mjomba wangu, ni balozi wa nyumba kumi wa chama kile, miaka na miaka. Tulikuwa hatuwezi kumaliza sahani ya pilau bila kugombana. Siku moja nikaamua nimuulize swali moja tu, kisha ninyamaze: "Anko, hivi wewe kwa nini ulijiunga?" Akaongea karibu saa nzima. Kumbe alijiunga kwa sababu ya shule. Kijiji chao hakikuwa na shule, chama kikahamasisha watu wakafyatua tofali, na yeye akabeba. Sikukubaliana naye kwamba tofali zile ni deni la kumpa mtu kura maisha yake yote. Lakini nilijua sasa naongea na nani. Na mwisho akaniuliza kitu ambacho hajawahi kuniuliza: "Na wewe je, kwa nini uko kule?" Alinisikiliza kwa sababu nilimsikiliza. Bado ni balozi, msije mkadhani nimembadilisha.

Kuna jambo moja siwezi kulipita, na kaka zangu mnivumilie. Hivi karibuni nilizungumza kwenye mjadala mtandaoni, dakika kama nne, kuhusu dhamana kwa watuhumiwa. Mada ya sheria tupu. Nikafungua maoni. La kwanza, gauni langu. La pili, "huyu ameolewa?" La tatu ni la mtu wa upande mwingine, tusi ambalo silirudii hapa. Yale mawili ya kwanza yalitoka kwa watu wetu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyenijibu kuhusu dhamana.

Kumtazama mtu ni tofauti na kumsikiliza. Historia ya siasa zetu inajua hili. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwahamasisha wanawake wa Dar es Salaam kwa ajili ya TANU mwaka 1955, alikwenda kwenye vikundi vyao vya ngoma, akakaa nao walikokaa. Hakuwaita waje kumsikiliza yeye kwanza. Wanawake wakajiunga kwa wingi kiasi kwamba wanaume wa chama walishangaa. Leo sisi tunalalamika wanawake hawaji kwenye mikutano yetu. Wakija tunawapa kazi ya kugawa maji, wakiongea tunajadili gauni. Watakuja kufanya nini?

Sasa nisiishie kwenye maneno. Nimekuja na mapendekezo matano, na naomba semina hii iyapitishe au iyakatae, lakini iyajadili.

Moja. Hakuna mtu kutolewa kwenye grupu lolote la chama kabla hajaulizwa na kujibu. Admini aandike tuhuma, mtu apewe angalau siku moja ya kujieleza, na uamuzi ufanywe na watu wasiopungua watatu. Kama admini ndiye aliyegombana naye, admini huyo akae pembeni. Anayetaka kukata rufaa aende kwenye kamati ya kata. Matusi na vitisho admini anaweza kuvifuta mara moja, hilo sawa, lakini kumfuta ujumbe na kumfuta mtu ni mambo mawili.

Mbili. Maneno "umetumwa", "msaliti", "pandikizi" na "chawa" yasitumike kwa mwanachama bila ushahidi mezani. Hizi ni tuhuma nzito. Mapandikizi wapo, sikatai, siasa zetu tunazijua. Lakini pandikizi anayejua kazi yake haulizi maswali ya pango saa nne usiku. Yeye ndiye anayepiga makofi zaidi ya wote.

Tatu. Kwenye vikao, kabla hujampinga mtu, rudia hoja yake kwa maneno yako mpaka yeye aseme, "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema." Mtaona nusu ya ugomvi wetu inaisha hapo, kwa sababu tunapinga mambo ambayo hakuna aliyeyasema. Subirini kalamu.

Nne. Nyumba kwa nyumba, swali kwanza, sera baadaye. Mwamkie mtu kwa namna anayostahili, weka simu mfukoni, muulize kinachomsumbua, uandike kwenye daftari akiona. Na urudi. Ukiandika usirudi, ni afadhali usingeandika.

Tano. Mapato na matumizi ya tawi yabandikwe kila mwezi, ofisini na kwenye grupu. Mtasema hilo ni la fedha, haliko kwenye mada ya mawasiliano. Liko katikati ya mada. Ukimpa mtu taarifa kabla hajauliza, umemheshimu.

Nimalizie na yule ndugu yetu. Nimeomba ruhusa yake kusimulia haya na amenipa, kwa sharti nisitaje jina.

Nilikwenda kwake baada ya ofisi kufungwa. Sikupiga simu wala sikutuma ujumbe, nilipanda daladala mpaka kwake. Nilimkuta anatengeneza pikipiki. Nikamwambia, "Kaka, nimekuja kuomba radhi. Nilikuhukumu bila kukusikiliza." Hakujibu. Akaendelea na spana yake. Nikataka kuendelea kujieleza, nimweleze kwamba usiku ule nilikuwa nimechoka na mtihani, na mimi ni binadamu. Nikajizuia. Nikakaa. Kama dakika tano hivi hakuna anayeongea, na niwaambieni ukweli, zilikuwa dakika ngumu kuliko mtihani wowote.

Halafu akaanza. Akaniambia mkewe alisoma zile meseji. Akaniambia mtoto wake alimuuliza, "Baba, chawa ni nini?" Akaniambia usiku ule wa uchaguzi, alfajiri, ndani ya kituo, alikuwa anajiambia kwamba wenzake wako pamoja naye. Niliyasikia yote. Sikuwa na jibu, na nadhani hakutaka jibu.

Mwisho akasema, "Nimekusamehe mdogo wangu. Kura yangu iko pale pale. Lakini grupu sirudi."

Hajarudi mpaka leo. Nimempelekea nafasi yake ya uwakala, akasema atafikiria. Kosa langu tumelipa kwa ofisi, na tumelipa kwa mtu, na ofisi ilikuwa rahisi zaidi. Tumepanga nyingine.

Kwa hiyo nikisema tusikilizane, simaanishi tupendane tu jamani, sisi ni ndugu. Namaanisha tunahesabu watu mmoja mmoja, na hatuna wa kupoteza. Tunaomba Watanzania watupe dola. Dola ni mamlaka ya kumtoa mtu kazini, kumweka mtu ndani, kufunga au kufungua mlango. Tuonyeshe tunaweza kuyabeba hayo kwa kuanza na hiki kidogo tulichonacho, cha kubonyeza kitufe. Mkirudi nyumbani leo, kila admini afungue simu yake aangalie majina ya aliowatoa, na achague mmoja wa kwenda kumsikiliza.

Sasa zamu yenu, na mimi nimekuja na kalamu.